Moto Alioniachia Baba Mkwe

Mwanangu alipozaliwa, mama yangu alikuwa Dar es Salaam akilea mapacha wa dada yangu. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalokumbuka kuhusu kujifungua kwangu, na mpaka leo likinijia huwa linanichoma. Nilijifungulia hospitalini Tukuyu, asubuhi ya mvua ile nyembamba isiyojua kuacha, na karibu kila mzazi pale wodini alikuwa na mama yake pembeni ya kitanda, ana chupa ya chai na kanga ya akiba. Mimi nilikuwa na mama mkwe. Nasema hivyo nikijua kwamba akisikia atanuna, maana alinibeba kama yai, lakini mama mkwe ni mama mkwe. Kuna kilio ambacho mtu humlilia mama yake tu, na mimi nilikuwa nacho kimejaa kifuani, mahali ambapo maziwa yalitakiwa kuwa.

Maziwa hayakuwepo. Manesi waliniambia nisiwe na haraka, kwamba kinachotoka siku za mwanzo ni kile cha njano, kidogo lakini kinatosha, mengine yatashuka yenyewe. Nikaruhusiwa. Mume wangu ni dereva wa lori, hupakia ndizi na viazi kupeleka Dar, na siku mbili akikaa nyumbani inakuwa sherehe. Mimi ni fundi cherehani, nina meza na mashine yangu sokoni Tukuyu, na tumepanga vyumba viwili palepale mjini. Lakini mzazi wa mimba ya kwanza haachwi peke yake kwenye vyumba vya kupanga. Ningekwenda kwa mama yangu, kijijini Suma, kama angekuwepo. Kwa kuwa hakuwepo, nikapelekwa kwa wakwe zangu Isongole, na mume wangu akanikabidhi kwa mama yake kama mtu anayekabidhi mzigo wa vioo, kisha akawasha lori akaondoka.

Anayeijua Isongole anaijua baridi yake. Ilikuwa mwezi wa sita. Ukungu ulikuwa unashuka toka mlimani na kulala juu ya mashamba ya viazi mpaka karibu saa tano, na jua likitoka ni la kutazama tu, halipashi moto hata kuku. Nyumba ya wakwe zangu ni nzuri, ya matofali ya kuchoma na bati, lakini sakafu yake ya saruji ilikuwa inapandisha baridi mpaka magotini. Mahali pa joto palikuwa pamoja tu, jikoni. Jiko lenyewe ni kijumba pembeni ya nyumba kubwa, mafiga katikati, mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na moto wake ulikuwa hauzimwi tangu alfajiri hadi watu wanapokwenda kulala. Mama mkwe alinitandikia godoro dogo pembeni ya moto, akaniambia hapo ndipo kwangu. Jiko la mkaa chumbani alilikataa katakata. Hewa ya mkaa inaua watu usingizini, alisema, na hapo alisema kweli.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Kwetu sisi Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mtoto wa kiume, humwogopa baba mkwe wake. Kwa lugha yetu wanaita kutila. Si woga wa kumwogopa chui, ni heshima. Humtazami usoni, huongei naye, hukai naye chumba kimoja, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia shambani kwa watu mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, na huko mjini ninawaona wakwe wanakula meza moja wakicheka. Lakini ukoo wa mume wangu ni wa kanisani Jumapili na wa mila siku zilizobaki, na baba mkwe ni mtu wa zamani hasa. Kabla ya harusi shangazi yangu alinikalisha kitako akanifundisha: ukisikia anakohoa mlangoni, wewe toka. Na yeye ana wajibu wake, lazima akohoe kabla ya kuingia, asije akakukuta. Mimi ni mtu wa kushika jambo. Nilishika vizuri mpaka nikawa hata picha yake iliyotundikwa sebuleni naipita nimeinamisha macho, na mume wangu akanicheka siku nzima.

Basi nikakaa jikoni, mtoto kifuani, nikisubiri maziwa. Mama mkwe alinishindilia vyakula kama mtu anayejaza gunia. Uji wa ulezi wenye maziwa na karanga, ndizi za nyama, supu ya kongoro, chai ya maziwa, maparachichi, kisha uji tena. "Kunywa, mwanangu," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kwao. "Kunywa, masiwa yatakuja. Masiwa hayaji kwenye tumbo tupu." Nilikunywa mpaka nikawa nasikia uji ukicheza tumboni nikigeuka. Nikanenepa mimi. Mashavu yangu yakajaa, na ya mwanangu yakabaki kama ya kizee.

Alikuwa mtoto mdogo, wa kike, mwenye ngozi iliyolegea mapajani kama soksi ya kuazima. Akinyonya alikuwa anavuta kwa haraka haraka, halafu anaachia, analia, anarudi, anavuta tena. Kuna nyakati nilianza kuhisi kitu ndani ya ziwa, kama sindano ndogo ndogo zinazotembea, nikajua ndiyo hayo, yanakuja. Kisha nje mlangoni mtu akakohoa.

Baba mkwe alikuwa mzee mwenye haki zote za kuingia jikoni kwake. Alikuwa anatoka banda la ng'ombe asubuhi akiwa amelowa umande, anataka kuota moto. Alikuwa anarudi toka shamba la viazi, anataka kula. Mchana akipita kuchukua kaa la kuwashia kiko chake, anakohoa. Jioni anakohoa. Na mimi kila akikohoa nilikuwa namchomoa mtoto kwenye ziwa, najifunika kitenge mpaka kichwani, natoka kwa mlango wa nyuma, napita uani kwenye ukungu hadi chumbani, na kukaa kitandani kwenye baridi ile nikitetemeka. Mtoto analia. Nikimrudisha kifuani anakunja mgongo na kukataa, ziwa lenyewe limeshakuwa kitambaa, na zile sindano zimekwenda zake. Nilikuwa nakaa hivyo mpaka mama mkwe aje kuniita kwamba mzee ameshatoka.

Wala hatukuona tatizo hapo, si mimi wala mama mkwe. Kinyume chake, ilikuwa sifa. Wanawake wa jirani walipokuja kumpongeza mzazi na ndizi na kuni vichwani, mama mkwe alinisifu mbele yao. "Huyu wa mjini mnayemwona," alisema, "mzee hajamaliza kukohoa ameshatoweka. Mabinti wa siku hizi wako wapi wa namna hii?" Wale wanawake wakaguna kwa kunikubali. Na mimi nikavimba kichwa, ndiyo, nilivimba. Nilikuwa sina maziwa, basi angalau nilikuwa na adabu. Baada ya hapo nikawa mwepesi zaidi, nikisikia tu viatu vyake vya mvua vinakwaruza mawe ya uani, kabla hata hajakohoa, nimeshasimama.

Siku ya kwenda zahanati nilimbeba mwanangu kwa bodaboda nimemfunika matabaka matatu. Nesi alimvua, akamtundika kwenye mizani, akasubiri itulie. Hakuongezeka. Alikuwa chini ya uzito aliozaliwa nao.

"Ananyonya?" nesi akaniuliza.

"Ndiyo."

"Kila akitaka?"

"Ndiyo."

"Mpaka anaachia mwenyewe?"

"Ndiyo," nikajibu, kama mtu yeyote anavyomjibu nesi.

Alinifundisha kukamua kwa mkono kwenye kikombe safi ili nimwongezee kwa kijiko. Nilipojaribu mbele yake yalitoka matone ya kuhesabika, yakakaukia ukingoni mwa kikombe. Hakunigombeza. Alisema nirudi baada ya wiki moja, na kama mtoto bado hajaongezeka tutaanza kumpa maziwa ya kopo, maana hatuwezi kumtazama anaisha. Ni neno hilo, anaisha, lililonikaa. Niliwajua wanawake wengi waliolea kwa kopo na watoto wao ni mijitu mizima leo, na sikuwa nawadharau. Lakini mimi nilitaka kumnyonyesha mwanangu. Nilitaka kwa namna ambayo sikuwahi kutaka kitu, si harusi, si mashine mpya, si chochote. Nilikuwa nikimtazama midomo yake ikitafuta, nikitamani ningeweza kujikata mahali popote pa mwili ili yatoke.

Njiani kurudi nilimwomba yule wa bodaboda asimame juu ya kilima, mahali simu inaposhika vizuri, nikampigia mama. Nyuma yake nilisikia wale mapacha wakilia kwa pamoja. Nikamweleza. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akasema dada yako anawalisha wawili na bado anamwaga, wewe mmoja anakushinda nini? Hakusema kwa ubaya. Mama yangu ndivyo alivyo, anatania mahali pa kulia. Lakini nilikata simu, na aliponipigia sikupokea. Nilisimama pale kwenye upepo nikimwonea wivu dada yangu. Nilimwonea wivu wa maziwa, na zaidi ya maziwa nilimwonea wivu kwamba mama amekaa naye, anamshikia mtoto mmoja huku akinyonyesha wa pili.

Niliporudi nilimweleza mama mkwe kila kitu, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Alishika mdomo. "Kyala wangu," akasema, yaani Mungu wangu, akaenda kunichemshia uji mwingine.

Siku iliyofuata baba mkwe hakukohoa.

Sikugundua mara moja. Asubuhi ilipita, mtoto akanyonya. Nilikuwa nimekaa nimetega sikio mlangoni kwa mazoea, mwili mzima umekaa mkao wa kuruka, lakini hakuja mtu. Zile sindano zikaanza. Zikaendelea. Nikasikia koo la mwanangu likitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ndogo ya kumeza, akipumzika kidogo, anameza tena. Sikuthubutu hata kusogeza mguu. Aliendelea mpaka mimi mgongo ukafa ganzi, kisha akaachia mwenyewe. Kichwa kikaanguka pembeni, mdomo wazi, kama kupe aliyeshiba. Ndipo nikajua maana ya swali la nesi. Mwanangu alikuwa hajawahi kuachia mwenyewe kwa kushiba tangu tufike Isongole.

Mchana kimya. Jioni kimya. Kesho yake vilevile. Nikadhani mzee amesafiri, labda amekwenda Nkunga kwa ndugu zake, nikamuuliza mama mkwe.

"Baba amesafiri?"

"Yupo," akasema, akaendelea kumenya viazi.

"Mbona simsikii?"

"Kwani wewe una kazi gani naye? Nyonyesha mtoto."

Nikamnyonyesha. Lakini niliona anapakua ugali na maharage kwenye bakuli, anafunika na sahani, anatoka nalo nje kwenye manyunyu. Aliporudi bila bakuli, mtoto akiwa amelala, nikasogea kwenye mlango wa nyuma na kuchungulia kwenye upenyo wa mbao.

Alikuwa kwenye banda la ng'ombe. Amekaa juu ya gunia la viazi vya mbegu, mgongo umeelekea kwangu, anakula. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya banda, na pumzi ya ng'ombe na pumzi yake zilikuwa zinatoka pamoja zikionekana. Hapakuwa na moto. Huwezi kuwasha moto karibu na majani makavu ya ng'ombe. Alikuwa akila tonge, kisha anaingiza mkono kwapani kuupasha, kisha tonge jingine. Niliona mabega tu na kofia ya sufu. Niliondoa jicho haraka, maana hata mgongo nilikuwa sijazoea kuutazama.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "baba anafanya nini kule?"

Aliweka kisu chini. Nadhani alikuwa amekatazwa kusema, na nadhani pia alikuwa amechoka kunyamaza.

"Siku ile uliporudi toka zahanati alikuwa hapo nje, amesikia," akasema. "Usiku akaniuliza, mtoto hajaongezeka? Nikamwambia hajaongezeka. Halafu akasema, ni mimi ninayemnyang'anya. Kila nikikohoa nasikia analia. Nikimaliza kula nikatoka, bado namsikia analia kule chumbani. Mimi naota moto na chakula cha mtoto kinakatika."

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nilimwambia mzee, baridi ya mwezi huu itakuua. Akasema yeye ana koti, mtoto hana."

Nililia. Nililia kile kilio nilichokuwa nimekitunza kwa ajili ya mama yangu, nikamlilia mama mkwe, naye akanishika kichwa akakiweka kwenye kanga yake inayonuka moshi. Nikamwambia amwite arudi, mimi nitakaa chumbani, nitajifunika mablanketi. Akakataa. Nikamwambia basi sote tukae humu humu, mimi nitageukia ukutani, kwani watu wa mjini hawafanyi hivyo? Alinitazama kana kwamba nimevua nguo. Na kusema kweli hata mimi nisingeweza. Kukaa na ziwa nje, baba mkwe upande wa pili wa moto, lingekauka palepale kwa aibu. Yeye mwenyewe angekosa mahali pa kuweka uso.

"Unataka kumheshimu?" mama mkwe akaniuliza. "Basi kaa hapo ulipo. Amekupa moto, ota."

Nikakaa. Nilinyonyesha mchana kutwa bila kuangalia saa, mtoto akitaka na asipotaka. Katikati nilikuwa nakamua kwenye kikombe, matone yakawa kijiko, kijiko kikawa viwili, nikamnywesha. Siku nyingine yalikuja vizuri, siku nyingine yaligoma kabisa na nilimkasirikia kila mtu, pamoja na ng'ombe, ambao walikuwa wanatoa ndoo nzima bila hata kutaka. Wiki ilipofika nilimrudisha zahanati. Mizani ikacheza, ikatulia, na mshale ulikuwa umepanda kidogo. Kidogo sana. Nesi hakupiga makofi. Alisema endelea hivyohivyo, akaita anayefuata. Nilikwenda nyuma ya jengo, nikampigia mama.

Safari hii hakutania. Nilimweleza habari ya moto na banda. "Ningekuwa hapo," akasema, "ningekaa nyuma yako uniegemee mgongo, ndivyo nilivyokaa na bibi yako mimi nilipokuzaa wewe." Alikuwa analia. Nami nilitamani mgongo wake, magoti yake yakiwa huku na huku yangu, kidevu chake begani kwangu. Hatukuwa na la kufanya. Mapacha walikuwa wadogo, na mama mmoja hagawanyiki.

Yale maziwa hayakuwahi kuwa mengi. Nataka niseme hivyo wazi kwa sababu wanawake huja kwenye meza yangu sokoni, wananisimulia habari zao huku nawapima vipimo vya gauni, na naona wanavyosubiri niwaambie kuna dawa ya kuyafanya yafurike. Mimi hayakufurika. Yalikuwa yanatosha leo, na kesho yake nilianza kuogopa upya. Lakini mashavu ya mwanangu yakapata nyama, ile soksi ya mapajani ikajaa mguu, na akawa analala kwa kushiba, si kwa kuchoka.

Kitu kimoja niliweza kumfanyia yule mzee. Nilimwomba mama mkwe aniletee koti lake siku ya kufua. Lilikuwa koti zito la mtumba, bitana yake imechanika yote, upepo unaingia unavyotaka. Nilikata blanketi zito la mtoto alilonunua mume wangu, maana mtoto alikuwa na moto wake, nikashona ndani ya koti kwa mkono, mishono midogo ya karibu karibu, kuanzia kolani hadi kwenye mapindo. Ilinichukua siku nzima, mtoto akinyonya katikati. Lilikuwa linanuka ng'ombe na tumbaku, na mabega yake yalikuwa membamba kuliko nilivyodhani. Nikiwa nimelilaza mapajani nilijua kwamba ndiyo karibu zaidi nitakayowahi kuwa naye. Mama mkwe alilirudisha. Nilimuuliza amesemaje. "Amelivaa," akanijibu, kana kwamba hilo ni jibu.

Leo mwanangu yuko chekechea. Likizo ikianza anataka Isongole, na huko anashinda na babu yake, anamsaidia kukatia ng'ombe majani, anakula kwenye bakuli lake. Jioni anakuja kunisimulia alichosema babu, babu amecheka vipi, jino gani la babu limetoka. Namsikiliza kwa wivu. Mimi na yule mzee bado tunapishana kwa adabu zote. Sijawahi kumsemesha neno, wala yeye mimi, na kwa namna anavyozeeka naanza kujua kwamba haitatokea. Kama ningeruhusiwa ningekuwa na mengi. Huwa nayapanga nikiwa nashona, nayapanga vizuri kama hotuba, kisha nakumbuka hakuna mahali pa kuitolea.

Lakini mara nyingi zaidi nakumbuka siku tuliyoondoka. Mume wangu alikuwa amekuja kutuchukua, gari la rafiki yake likisubiri barabarani, mizigo imeshatoka. Mimi nilikuwa jikoni nimesimama nyuma ya mlango uliofungwa, tayari kutoka kwa nyuma, kwa sababu mzee alikuwa uani. Mama mkwe alimchukua mtoto mikononi mwangu. Lazima babu amuage, alisema. Miezi yote ile alikuwa hajamshika, maana mtoto alikuwa na mimi, na pale nilipokuwa mimi yeye hakufika.

Nilisikia viatu vyake vinasogea. Halafu nikasikia sauti ya mwanamume mzee, nyembamba, ya upole, sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia ikisema maneno kwa karibu. Alikuwa anaongea Kinyakyusa, anamtania mjukuu wake kama wazee wanavyowatania wajukuu wa kike.

"Mke wangu," akasema. "Mke wangu, mbona mzito hivi? Nani amekulisha? Bibi yake, njoo umshike uone, mzito huyu. Mzito, mzito."

Mama mkwe akacheka. Mzee akarudia tena neno lilelile, mzito, taratibu, kama anapima mwenyewe na haamini.

Zile sindano zikaanza. Mtoto hakuwa kifuani, hakuwa analia, hata sikuwa namwona. Yalishuka yenyewe, pande zote mbili kwa pamoja, mengi, mimi ambaye mpaka siku hiyo sikuwahi kulowesha hata kitambaa. Nilibana kifua kwa mikono, hayakusimama. Yalipita kwenye blauzi, yakapita kwenye kitenge cha safari, nikayasikia ya moto tumboni, kisha yakaanza kudondokea vidole vya miguu. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Nilitaka kufungua mlango atazame, aone ni mengi kiasi gani, amwone mke wa mwanawe amelowa hivyo na ajue.

Nikatoa mkono kwenye komeo. Nikabaki palepale, nimeegemeza paji la uso kwenye mbao, nikawaacha waongee.